Siku ya ajali ndiyo siku ya madai

Watu wakiniuliza kuhusu fidia ya ajali kazini, wengi huanza na swali la mwisho: wanalipa shilingi ngapi, na hela inaingia lini? Nawaelewa. Mkono ukiwa kwenye hogo na mwenye nyumba ameshaanza kukumbushia kodi, huwezi kuwaza kingine. Lakini kwa niliyoyapitia mwenyewe, na kwa niliyoyaona kwa wenzangu wa mashine, fao la ulemavu wa muda, yaani malipo ya kipindi ambacho jeraha linakuzuia kufanya kazi, huamuliwa mapema mno, kabla jina lako halijafika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF). Huamuliwa siku ile ile ya ajali: kiwandani, kwenye gari linalokupeleka hospitali, na mbele ya daktari wa kwanza kukuona. Yaani huamuliwa saa ambayo wewe una maumivu na huna akili ya kufikiria karatasi, wakati wenzako walio wazima wana muda wa kufikiria kila kitu.

Nilikuwa opereta kwenye kiwanda cha maboksi, Dar es Salaam. Usiku huo karatasi ilikwama kwenye rola, jambo la kawaida, na tuliambiwa tuinasue bila kuzima laini nzima kwa sababu mzigo ulitakiwa kutoka asubuhi. Mkono wangu wa kushoto ulivutwa na karatasi. Mwenzangu alibonyeza kitufe cha dharura, na naamini ndiye aliyeniachia vidole. Mifupa miwili ya kiganja ilivunjika na kidole cha pete kikachanika vibaya.

Dereva wa kampuni alinipeleka hospitali. Ni kijana mzuri, alinishika bega njia nzima. Tulipofika mapokezi akanitangulia kuongea: "Huyu dada ameanguka." Sijui kama alitumwa au ilimtoka tu. Nilimwambia daktari mwenyewe, kwa sauti ambayo kila mtu pale aliisikia: "Dokta, sijaanguka. Nimeumia kazini, mashine imenibana mkono." Akaandika hivyo hivyo kwenye faili, na muda wa ajali akauweka. Naitaja sentensi hiyo kwa sababu baadaye ilikuwa na thamani kuliko karatasi zote zilizofuata. Ripoti ya kwanza ya daktari ndiyo huambatana na madai yako, na inatakiwa isomeke sawa na taarifa ya mwajiri. Faili likisema umeanguka bafuni na fomu ikisema umebanwa na rola, utahangaika kuzipatanisha wakati huo huo unauguza jeraha.

Baada ya siku chache nikaitwa ofisi ya utumishi. Kaka wa pale alinipokea vizuri, akanivutia kiti, akaniuliza hali ya nyumbani. Kisha akasema, "Dada yangu, mimi naona tuandike likizo ya ugonjwa tu. Utalipwa mshahara wako kamili, hakuna usumbufu wa kwenda na kurudi WCF. Wale wana fomu nyingi."

Hapa nataka nikae kidogo, maana mtego wenyewe ndio huu, na una sura nzuri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za mwanzo ni kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata ni kwa nusu mshahara. Upande wa pili, fao la ulemavu wa muda kutoka Mfuko ni asilimia 70 ya mapato yako ya mwezi. Mtu akiwekewa viwili hivi mezani, mshahara kamili kushoto na asilimia 70 kulia, atachukua wa kushoto. Nani asingechukua?

Ila ukikubali, umesema nini kwenye kumbukumbu? Umesema uliugua. Hakuna ajali, hakuna mashine, hakuna msimamizi aliyetoa maelekezo. Siku zako za kuugua zinaliwa na jeraha ambalo halikuwa ugonjwa, na mwaka ujao ukipata homa ya ini au ukifanyiwa upasuaji utakuta akiba imekwisha. Siku ya 64 unashuka kwenye nusu mshahara, wakati fao la Mfuko linaweza kuendelea hadi miezi 24 kama daktari anaona bado huwezi kazi. Gharama za matibabu, ambazo Mfuko unazibeba kwa ajali iliyoripotiwa, zinarudi kwako au kwenye huruma ya bosi. Na la kutisha kuliko yote: kidole kikigoma kukunja maisha yako yote, utadai ulemavu wa kudumu kutokana na ajali gani? Haipo popote. Likizo ya ugonjwa inakulipa vizuri wiki za mwanzo, halafu inakuacha.

Sheria hiyo hiyo ya 2004 inasema mwajiri halazimiki kulipa likizo ya ugonjwa pale mfanyakazi anapostahili malipo hayo kupitia sheria nyingine au mfuko mwingine. Kwa maana hiyo hata kisheria njia ya aliyeumia kazini imeshachorwa, na si ile ya likizo ya ugonjwa.

Nilimjibu yule kaka kwamba nashukuru kwa kunijali, lakini naomba ajali iandikwe kama ilivyotokea. Hakukasirika. Nadhani naye alikuwa ameagizwa.

Nilikuwa na sababu ya kushikilia. Baba yangu mdogo alipoteza vidole kwenye kiwanda cha kuchambua pamba Kanda ya Ziwa, enzi za sheria ya zamani, ile iliyorithiwa kutoka kwa mkoloni. Chini ya sheria hiyo kiwango cha juu kabisa cha fidia ya ulemavu wa kudumu kilikuwa shilingi 108,000. Kilikaa hapo miaka na miaka huku bei ya kila kitu ikipanda, na mtu mwenye mkono mmoja akawa anaondoka na hela isiyotosha kununua ng'ombe. Baba mdogo hakudhulumiwa na karani. Alilipwa kwa mujibu wa sheria, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Sheria mpya ya Fidia kwa Wafanyakazi ilipitishwa mwaka 2008, na Mfuko ukaanza kazi rasmi Julai 2015 kwa Tanzania Bara, sekta ya umma na binafsi kwa pamoja. Kati ya kupitishwa na kuanza ni miaka saba. Waliokatwa vidole ndani ya miaka hiyo saba wapo, wengine ni majirani zetu.

Kwa hiyo mtu akiniambia tuyamalize kienyeji, namfikiria baba mdogo, ambaye angetoa chochote apate nafasi ya kujaza fomu ninayoambiwa inasumbua.

Tena hela hii si ya bosi kukupa kwa hisani. Kila mwezi mwajiri anatakiwa kuchangia kwenye Mfuko kutokana na jumla ya mishahara anayolipa. Sekta binafsi ilianza na asilimia 1, ikashushwa hadi 0.6 mwaka wa fedha 2021/22, kisha 0.5 mwaka uliofuata, sawa na sekta ya umma. Mfanyakazi hakatwi hata senti, na mwajiri haruhusiwi kumkata. Kwa mtu wa mshahara wa 420,000, asilimia 0.5 ni shilingi 2,100 kwa mwezi. Soda mbili tatu. Mwajiri ameshailipia bima ya mkono wako, halafu anakuomba usiitumie! Sababu kubwa ninayoiona ni hofu ya kukaguliwa, ya watu wa usalama mahali pa kazi kuja kuuliza kwa nini mashine ilikuwa haina kinga. Hofu hiyo ni yake. Asiigeuze kuwa njaa yangu.

Fomu yenyewe niliomba kukaa karibu wakati inajazwa. Siku hizi taarifa ya ajali hupelekwa kwa njia ya mtandao, kwenye mfumo wa Mfuko, na mwajiri ndiye anayeingia kwa akaunti yake. Anatakiwa kutoa taarifa ndani ya siku 7. Kaka wa utumishi alipofika kwenye maelezo ya namna ajali ilivyotokea akaandika: "Mfanyakazi aliumia mkono akiwa kazini." Akataka kwenda mbele. Nikamwomba asubiri. Nilimtajia saa, jina la mashine, kazi niliyokuwa nafanya, nani aliyekuwa zamu, na mkono upi. Akawa anaandika huku anarudia kwa sauti, "wa kushoto... akinasua karatasi iliyokwama... kwa maelekezo ya msimamizi wa zamu..." Hapo kwenye maelekezo ya msimamizi alisita, akanitazama, akatazama mlango. Mama mmoja wa tawi la chama chetu cha wafanyakazi, niliyemwomba aje nami, akamwambia taratibu, "Andika mwanangu, ndivyo ilivyokuwa, na shahidi yupo." Akaandika.

Kama kazini kwenu kuna tawi la chama, usiende peke yako kwenye chumba kile. Yule mama hakuwa na cheo kikubwa wala hakupaza sauti. Kukaa kwake tu pale kulibadilisha mazungumzo.

Vielelezo vingine havina mambo mengi: kitambulisho cha NIDA, mkataba wa ajira, hati ya mshahara wa kabla ya ajali, mahudhurio, namba ya akaunti ya benki, na ripoti za daktari, yaani ya awali, za maendeleo na ya mwisho. Ajali ikiwa ya barabarani ukiwa kwenye shughuli ya mwajiri, inaongezeka taarifa ya polisi. Piga picha kila karatasi kwa simu kabla hujaikabidhi kwa mtu.

Kinachoangusha watu wengi ni ED. Kwa wasioijua, ED ni karatasi ya daktari inayosema upumzike kuanzia tarehe hii hadi hii. Fao la ulemavu wa muda hulipwa kwa kipindi ambacho daktari amethibitisha huwezi kufanya kazi, hivyo ED zinatakiwa zifuatane bila kuacha tundu. Sasa angalia inavyokuwa. Daktari anakupa wiki mbili, zinaisha Ijumaa. Kliniki yako ya mifupa ni Jumanne. Jumamosi hadi Jumatatu uko wapi? Mkono bado uko kwenye hogo, kila mwenye macho anaona, ila kwenye karatasi wewe ni mzima na hukwenda kazini. Kwa mwajiri mwenye nia mbaya hizo ni siku za utoro. Kwenye madai ni siku zisizo na uthibitisho.

Mimi nesi mmoja wa kliniki alinistua mapema. Aliitazama ED yangu, akatazama kadi ya kliniki, akasema, "Mama, hizi tarehe hazishikani. Mwambie dokta akupeleke mpaka siku ya kurudi." Daktari akarekebisha palepale, akagonga mhuri. Ilichukua dakika moja. Tangu hapo kila nikitoka chumba cha daktari nilisimama kwenye korido na kuzilinganisha tarehe mbili hizo kabla sijaondoka. Jirani yangu wa mashine, aliyechomwa na gundi ya moto mwaka uliotangulia, hakupata mtu wa kumstua, na siku zake za katikati zilimletea maswali ambayo mpaka leo akiyasimulia sauti inabadilika.

Haya, tuje kwenye hela. Asilimia 70 ni ya mapato yanayotambulika, yaani mshahara wa msingi na posho za kudumu zinazolipwa pamoja nao kila mwezi. Tuseme msingi wako ni 360,000 na posho ya nyumba ya kila mwezi ni 60,000. Jumla 420,000, asilimia 70 yake ni 294,000. Lakini sisi wa viwandani tunajuana: hakuna anayeishi kwa 420,000 hiyo. Tunaishi kwa ovataimu. Jumapili unaingia, sikukuu unaingia, usiku unaongeza, na mwisho wa mwezi unaondoka na 600,000 au zaidi. Ovataimu ya kuokoteza haimo kwenye hesabu. Kwa hiyo anguko la nyumbani ni kubwa kuliko asilimia 30 inayoonekana kwenye maandishi. Mtu aliyezoea 600,000 anajikuta na nusu yake. Hili naliona ni pengo la haki kabisa, na vyama vya wafanyakazi vingelishika kwa mikono miwili. Ikiwa uzalishaji wa kiwanda unategemea ovataimu ya kila wiki mwaka mzima, kuiita ya kuokoteza pale mtu anapoumia ni kumpunja.

Na kuna muda wa kusubiri. Madai yanapitiwa, ripoti zinaombwa, mwajiri anaulizwa, karatasi moja ikikosekana inarudi. Katikati ya hapo mnakula nini? Kwangu lilikuwa daftari la Mangi. Yule Mchaga wa duka la pembeni alinikopesha unga, mafuta na sabuni bila kunisimanga, akiandika kwa peni nyekundu. Kikundi chetu cha mchezo kilikubali kunisogeza nipokee mapema. Mdogo wangu alihamia kwangu, kwa sababu kwa mkono mmoja huwezi kusonga ugali, huwezi kufua, na huwezi kumsuka mtoto nywele za shule. Kusuka ndiko kulikoniliza. Binti yangu alikaa mbele ya miguu yangu siku ya Jumapili kama kawaida yake, kitana mkononi, na ilibidi nimpeleke kwa jirani.

Mwombe mwajiri kwa maandishi akujulishe kila hatua, uombe namba ya madai yako, na ufike mwenyewe ofisi ya Mfuko. Nilipokwenda nilihudumiwa vizuri. Dada wa dirishani alifungua kwenye kompyuta, akanionyesha ni ripoti gani ilikuwa bado haijaletwa. Kule kiwandani nilikuwa nikiambiwa WCF ndio wanaochelewesha. Kumbe karatasi ilikuwa kwenye droo ya watu.

Vibarua nao nisiwasahau, maana kwenye laini yetu walikuwa wengi na ndio waliokuwa wakisogezwa kwenye kazi za hatari. Sheria haikuandikwa kwa ajili ya wenye ajira za kudumu peke yao. Mwenye mkataba wa muda yumo, mwanagenzi yumo. Shida ya kibarua ni kuthibitisha kwamba alikuwepo. Analipwa mkononi, hana hati ya mshahara, jina lake liko kwenye daftari la getini tu na daftari liko kwa mlinzi. Akiumia anapelekwa zahanati, anapewa elfu hamsini, anaambiwa apumzike na asirudi. Kama wewe ni kibarua, tunza ujumbe wa kila malipo ya simu, piga picha kitambulisho cha getini, na uwe na namba za wenzako wawili wa zamu. Siku ukiumia hao ndio mkataba wako. Na kama kampuni haijajisajili kwenye Mfuko, nenda karipoti, kwa kuwa kusajiliwa na kuchangia si hiari ya mwajiri.

Kurudi kazini nako kuna mambo yake. Hogo lilipotolewa mkono ulikuwa mwembamba, ngozi imepauka, vidole vimekakamaa. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinipa kazi ya kukamua sifongo kwenye beseni la maji ya uvuguvugu asubuhi na jioni. Wakati huo huo simu za kiwandani zikaanza: njoo tu, tutakupa kazi nyepesi. Kazi nyepesi ni jambo jema ikiwa daktari ameiandika na kusema ni ipi: usinyanyue uzito, usikae kwenye rola, saa ngapi kwa siku. Ikiwa ni neno la mdomo la msimamizi, wiki ya pili atakuwa amesahau, nawe utakuwa umerudi kwenye mashine na kiganja ambacho hakijapona, huku fao limesimama kwa sababu umeonekana kazini. Mimi nilirudi na barua ya daktari. Nilipelekwa kuhesabu maboksi ya kutoka, na barua nikaibandika juu ya meza yangu kila mtu aione.

Ulemavu wa muda una mwisho wake, na mwisho huo ni ripoti ya mwisho ya daktari, atakapoona hali haiendelei kubadilika. Usiichukulie kama karatasi ya kufunga faili. Kama kuna kitu hakikurudi, mwambie daktari akipime na akiandike: kidole kinakunja mpaka wapi, mkono unashika uzito gani, ganzi iko sehemu ipi. Kutoka hapo ndipo hufanyika tathmini ya ulemavu wa kudumu. Ikionekana hauzidi asilimia 30 unalipwa kwa mkupuo. Ukizidi, ni pensheni ya kila mwezi. Kidole changu cha pete hakifungi ngumi. Nilikwenda kwenye ile ripoti ya mwisho nikiwa nimeandika kwenye karatasi kazi zote ambazo mkono haufanyi tena, kuanzia kufungua mfuniko wa chupa hadi kusuka, nikamsomea daktari moja moja, naye akavipima vidole kimoja kimoja kwa kile kipimo chake cha pembe.

Kama unasoma hapa na uliumia miezi iliyopita, mwajiri akakupa chochote kitu mkayamaliza, muda wa kuwasilisha madai ni ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali. Hesabu tarehe leo. Kisha kusanya faili lako la hospitali, ED ulizonazo hata kama zina tundu, ujumbe wa mishahara kwenye simu na majina ya walioona, uende ofisi ya Mfuko iliyo karibu nawe hata kama mwajiri hakuripoti.